Kompyuta ya Chama Inapokataa Kufunguka Baada ya Kunakiliwa Diski

Wajibu wa kwanza wa chama cha ushirika kwa wanachama wake ni kutunza hesabu zao. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi, katika vyama vingi vya msingi, daftari hilo limo ndani ya kompyuta: leja za wanachama, hisa, akiba, mikopo, mapokezi ya mazao na malipo ya wakulima. Kwa hiyo, kompyuta inapokataa kufunguka asubuhi ya siku ya malipo, si mashine tu iliyokwama. Ni mwanachama aliyetoka kijijini kufuata haki yake ambaye anaambiwa arudi kesho.

Makala hii inaeleza tatizo moja ambalo makatibu wa vyama hawana budi kulielewa: kompyuta iliyokuwa nzima inakataa kufunguka mara tu baada ya diski yake kunakiliwa kwa programu ya picha ya diski. Ofisi nyingi zimejikuta katika kazi hiyo kwa sababu diski zao zimechakaa. Nyingine zimesukumwa na kuzeeka kwa mfumo wenyewe, kwa kuwa tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza kipindi cha kawaida cha kuuhudumia mfumo wa Windows 10, na mashine zikaanza kubadilishwa.

Kuhamisha hesabu si jambo la kuchezea. Kompyuta ya Serikali iliwekwa Hazina mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya kazi ya kuhamishia hesabu zake kwenye mashine kuleta hasara. Marufuku hiyo iliondoka zamani, na leo Serikali yenyewe inavihimiza vyama kutumia mifumo ya kompyuta. Lakini funzo limebaki: siku ya hatari kubwa kwa hesabu zozote ni siku ya kuhama.

PICHA YA DISKI NI NINI

Katibu anaponakili faili kwenye fleshi huwa anachukua karatasi moja moja kutoka kabatini. Programu ya picha ya diski haifanyi hivyo. Inachukua kabati zima, pamoja na rafu zake, kufuli zake na sehemu zake zilizofichika, kisha inalijenga upya katika diski nyingine au inalihifadhi kama faili moja kubwa. Clonezilla, ambayo hutolewa bure, ni mojawapo ya programu za namna hiyo.

Faida yake ni dhahiri. Diski ya zamani ikifa, picha hurudishwa kwenye diski mpya, na mfumo wa Windows, programu ya uhasibu na faili zote hurejea mahali pake bila kusimikwa upya. Matatizo huanza pale ambapo kabati limejengwa sawasawa lakini njia ya kulifikia haikujengwa, au imejengwa ikielekea kwingine.

JINSI KOMPYUTA INAVYOFUNGUKA

Ili kuelewa kosa, yafaa kwanza kuelewa mwendo wa kawaida. Chukuliwe mfano wa ghala la mazao. Anayefika ghalani hukutana kwanza na mlinzi wa lango. Mlinzi humwelekeza kwa mtunza ghala. Mtunza ghala hufungua daftari kuona shehena iko chumba gani, ndipo mlango wa chumba hicho ufunguliwe. Mmoja wao akikosekana, shehena haitoki, ingawa gunia hata moja halijapotea.

Kompyuta hufuata mpango huo huo. Mlinzi wa lango ni programu ndogo iliyo katika ubao mkuu wa mashine. Katika mashine za zamani programu hiyo huitwa BIOS, na katika mashine za sasa huitwa UEFI. Kazi yake ni kuchagua diski ya kuanzia.

Kwa utaratibu wa zamani, uliokuja na kompyuta za IBM mwaka 1983, BIOS husoma kipande cha kwanza kabisa cha diski chenye baiti 512. Sehemu kubwa ya baiti hizo ni maelekezo ya kuanzia, baiti 64 ni orodha ya sehemu za diski zisizozidi 4, na baiti 2 za mwisho ni alama ya uhalali. Mgawanyo huo huitwa MBR, na kwa kawaida hauwezi kuhesabu diski inayozidi terabaiti 2.

Kwa utaratibu mpya, UEFI haitegemei kipande hicho. Inatafuta katika diski sehemu ndogo iliyofichika, mara nyingi ya megabaiti 100 au zaidi kidogo, ambayo ndiyo yenye faili za kuanzia. Mgawanyo wa diski unaokwenda na utaratibu huu huitwa GPT. Windows 11 inadai mashine yenye UEFI.

Katika taratibu zote mbili, faili za kuanzia zina daftari lao liitwalo BCD. Ndani yake imeandikwa Windows iko diski gani na sehemu gani. Hilo ndilo daftari la mtunza ghala.

Jambo la kushika ni hili: leja za chama ziko chumbani, mwisho kabisa wa safari. Kompyuta inapokataa kufunguka baada ya kunakiliwa, mara nyingi hitilafu iko langoni au katika daftari la ghala, na leja ziko salama. Asiyejua hilo huingiwa na hofu, akaisimika Windows upya au akaifomati diski, na kwa mkono wake mwenyewe akazipoteza hesabu ambazo zilikuwa nzima.

SABABU ZA KUKATAA

Sababu zinazojitokeza mara nyingi ni hizi zifuatazo:

(a) Mlinzi anatazama diski isiyo yake. Mpangilio wa kuanzia bado unaitaja diski ya zamani iliyoondolewa, au fleshi iliyosahaulika kwenye mashine. Kioo huonyesha maneno «No bootable device» au «Operating System not found», yaani mashine haikuona kitu cha kuanzia.

(b) Ilinakiliwa sehemu moja tu. Fundi alichagua sehemu ya C, yenye Windows na faili, akaiacha ile sehemu ndogo iliyofichika kwa kudhani haina kazi. Chumba kimehama, mtunza ghala amebaki nyuma.

(c) Utaratibu haulingani. Diski imegawanywa kwa MBR lakini mashine imewekwa itafute kwa njia ya UEFI, au kinyume chake.

(d) Diski mbili zenye utambulisho mmoja zimewashwa pamoja. Kila diski ina namba yake ya utambulisho, na nakala kamili huichukua hata namba hiyo. Windows ikiona diski mbili zenye namba moja, huizima mojawapo au huibadilishia namba. Diski iliyobadilishiwa namba haitambuliwi tena na daftari lake la BCD.

(e) BCD inataja mahali pa zamani. Hapo hutokea namba ya hitilafu 0xc000000e, ambayo maana yake ni kwamba kifaa kilichotajwa daftarini hakikuonekana.

(f) Windows haina programu ya kuisomea diski katika mashine mpya, au mpangilio wa diski katika BIOS umebadilishwa, kwa mfano kutoka RAID kwenda AHCI. Windows huanza kufunguka, kisha husimama na maneno «INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE».

(g) Diski imefungwa kwa usimbaji wa BitLocker. Mashine inaona mabadiliko, inashuku wizi, na kudai ufunguo wa tarakimu 48.

(h) Picha yenyewe ina kasoro, kwa sababu umeme ulikatika kazi ikiendelea, waya ulilegea, au diski ya zamani ilikuwa na sehemu zilizokufa ambazo hazikusomeka.

HATUA ZA KUCHUKUA

Hatua hizi zifuatwe kwa mpangilio wake. Anayeruka hatua anaweza kuifanya hitilafu ya saa moja iwe msiba wa msimu mzima.

Hatua ya kwanza: kusimama na kuandika. Maneno na namba zilizoonekana kwenye kioo zinakiliwe herufi kwa herufi, au zipigwe picha kwa simu. Iandikwe pia saa, jina la programu iliyotumika na kazi iliyokuwa ikifanyika. Hapana ruhusa kwa mtu yeyote kufomati diski, kuisimika Windows upya, au kukubali swali la kufuta lolote litakalojitokeza kwenye kioo.

Hatua ya pili: kurudisha diski ya zamani. Iwapo diski ya zamani ipo na haikuguswa, mashine izimwe, diski mpya itolewe, ya zamani irudishwe peke yake. Ikifunguka, chama kiendelee kuhudumia wanachama, na diski mpya ishughulikiwe baadaye bila haraka. Diski ya zamani isiyoguswa ndiyo bima bora kuliko zote.

Hatua ya tatu: kuokoa hesabu kabla ya kutengeneza. Ikiwa diski ya zamani imekufa, au picha ilirudishwa juu ya diski ile ile, basi leja zitolewe kwanza. Fundi aifungue mashine kwa fleshi ya Linux, kwa mfano Ubuntu, ambayo hufanya kazi bila kugusa Windows. Diski ya chama ifunguliwe kwa kusomwa tu, na kabrasha la programu ya uhasibu linakiliwe kwenye diski ya nje. Mahali lilipo kabrasha hilo katibu anapaswa kupajua mapema, kwa maana programu nyingi za uhasibu haziweki data zake pamoja na nyaraka za kawaida. Ikiwa picha ya diski ni faili, nayo inakiliwe kwanza mahali pa pili kabla ya kuitumia tena.

Hatua ya nne: kumkagua mlinzi wa lango. Mashine ifunguliwe katika mpangilio wa BIOS au UEFI, kwa kawaida kwa kubonyeza F2, F10, F12 au Del mara inapowashwa. Mambo manne yaangaliwe. Je, diski mpya inaonekana? Je, ndiyo ya kwanza katika orodha ya kuanzia? Je, utaratibu ni UEFI au wa zamani, na unalingana na ule wa diski ya awali? Je, mpangilio wa diski, AHCI au RAID, ni ule uliokuwapo zamani? Kila kinachobadilishwa kiandikwe kilivyokuwa kabla ya kuguswa. Sababu ya (a), na mara nyingi zile za (c) na (f), hutatuliwa hapa bila kugusa diski hata kidogo. Ikiwa diski haionekani kabisa, waya na tundu lake vikaguliwe kwanza.

Hatua ya tano: kutengeneza kwa fleshi ya Windows. Fleshi hiyo huandaliwa katika kompyuta nyingine nzima na huhitaji nafasi ya gigabaiti 8 au zaidi. Diski nyingine zote zitolewe. Mashine ianzishwe kwa fleshi hiyo kwa utaratibu ule ule wa diski, UEFI kwa UEFI. Pasibonyezwe pa kusimika. Ichaguliwe njia ya matengenezo, kisha matengenezo ya kuanzia. Baadhi ya programu za picha zina fleshi yake ya uokoaji yenye kazi hiyo hiyo, nayo yafaa kutumiwa.

Matengenezo hayo yakishindwa, daftari la BCD linaweza kuandikwa upya kwa mkono. Katika mashine ya UEFI, fundi hufungua dirisha la amri na kuandika:

diskpart
list volume

Orodha ya sehemu itaonekana. Ile ndogo yenye maandishi FAT32 ndiyo sehemu ya kuanzia, lakini fundi ahakikishe hajaichagua fleshi, ambayo nayo mara nyingi ni FAT32. Ikiwa ni namba 2, kwa mfano, huandikwa:

select volume 2
assign letter=S
exit
bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Tahadhari mbili zinahitajika. Katika dirisha hilo herufi za diski huweza kubadilika, na Windows iliyozoeleka kuwa C ikawa D. Kwa hiyo ihakikishwe kwanza kwa amri ya dir C:\ kwamba kabrasha la Windows limo humo. Pili, ndani ya diskpart kuna amri ya clean, ambayo hufuta mgawanyo wote wa diski. Amri hiyo haina nafasi katika kazi hii.

Katika mashine ya utaratibu wa zamani, amri zinazotumika ni hizi tatu, moja baada ya nyingine:

bootrec /fixmbr
bootrec /fixboot
bootrec /rebuildbcd

Ikiwa orodha haionyeshi kabisa sehemu ya kuanzia, sababu ni ile ya (b). Njia salama ni kurudia kunakili, safari hii kwa kuchagua diski nzima pamoja na sehemu zake zote, kama chanzo bado kipo.

Hatua ya sita: ufunguo wa BitLocker. Kompyuta nyingi mpya za Windows 11 huzifunga diski zake zenyewe pale mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila yeye kufahamu. Ufunguo wa tarakimu 48 kwa kawaida huhifadhiwa katika akaunti hiyo. Ikiwa akaunti ilifunguliwa kwa jina la mhasibu aliyekwisha kuacha kazi, chama kiko mashakani, kwani bila ufunguo hakuna fundi, awe wa Iringa, Mbeya au Dar es Salaam, awezaye kuufungua usimbaji huo. Akaunti ya kompyuta ya chama yapasa iwe ya chama.

KUFUNGUKA SI MWISHO WA KAZI

Hapa ndipo penye hatari kubwa isiyoonekana. Mashine inapofunguka, ofisi nzima hushangilia, na kazi huanza mara moja. Lakini picha ya diski ni picha ya siku iliyopigwa. Kompyuta iliyofufuliwa kwa picha ya wiki mbili zilizopita imerudi na hesabu za wiki mbili zilizopita, na haitamwambia mtu yeyote.

Chukuliwe mfano wa chama cha akiba na mikopo kilichoko Tosamaganga, nje kidogo ya mji wa Iringa, ambacho miongoni mwa wanachama wake ni wakulima, walimu na wauguzi. Picha ya diski ilichukuliwa tarehe 2 ya mwezi, na stakabadhi ya mwisho siku hiyo ilikuwa namba 0451. Diski ikafa tarehe 16, stakabadhi zikiwa zimefika 0519. Picha ikarudishwa, mashine ikafunguka vizuri. Katika leja zake, mwanachama aliyemaliza mkopo tarehe 10 bado anadaiwa. Aliyeweka akiba tarehe 12 hana kitu. Na kama programu ndiyo inayotoa namba za stakabadhi, asubuhi hiyo itatoa tena 0452, namba ambayo tayari iko mikononi mwa mwanachama mwingine.

Kompyuta iliyokataa kufunguka humfanya kila mtu awe macho. Iliyofunguka na hesabu pungufu huaminiwa, na kila siku inayopita huongeza vocha mpya juu ya msingi mbovu. Miezi kadhaa baadaye mkaguzi huikuta tofauti, na mtunza fedha asiye na hatia hushukiwa wizi mbele ya mkutano mkuu. Kwa ajili hiyo, kabla ya kuandika muamala wowote mpya, mambo yafuatayo yafanywe mbele ya katibu, mhasibu na mjumbe wa Kamati ya Usimamizi:

1. Tarehe na saa ya kompyuta ihakikishwe kuwa ni sahihi.

2. Muamala wa mwisho uliomo kwenye programu utafutwe, na tarehe yake na namba ya stakabadhi yake viandikwe.

3. Urari wa hesabu uchapishwe na kulinganishwa na urari wa karatasi uliochapishwa mara ya mwisho kabla ya hitilafu.

4. Idadi ya wanachama, jumla ya hisa, jumla ya akiba na jumla ya mikopo vilinganishwe na taarifa ya mwisho iliyowasilishwa kwenye Bodi.

5. Stakabadhi na vocha zote za kipindi kilichopungua ziingizwe kwa kufuata tarehe na namba zake za awali, si tarehe ya leo.

6. Fedha taslimu zihesabiwe, na salio la benki lilinganishwe na taarifa ya benki.

7. Wanachama wachache wenye vitabu vya akiba waitwe, na vitabu vyao vilinganishwe na leja.

Ni baada ya hapo tu ndipo iandikwe kwamba kompyuta imerejea kazini. Taarifa fupi ya tukio zima iingizwe katika kumbukumbu za Bodi na kuhifadhiwa kwa ajili ya ukaguzi, uwe wa Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, au wa mkaguzi mwingine aliyekubaliwa. Sheria ya Vyama vya Ushirika Namba 6 ya mwaka 2013 inakitaka chama kuweka vitabu vya hesabu na kukaguliwa, na haikisamehi chama kwa sababu diski yake iliharibika.

Yafaa pia kukumbuka kwamba taarifa zilizokwisha kuingizwa katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, uitwao MUVU, hazikai ndani ya kompyuta ya ofisi, hivyo hazipotei pamoja na diski. Zinaweza kuwa shahidi mzuri wa kulinganishia.

FUNDI NA SIRI ZA WANACHAMA

Vyama vingi havina fundi wake, na kompyuta hupelekwa mjini. Diski ya chama ina majina, namba za simu, namba za vitambulisho na madeni ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka mwenye kutunza taarifa za watu azilinde. Kwa hiyo fundi apewe hati yenye namba ya mashine na ya diski, ikieleza kazi aliyopewa na kwamba haruhusiwi kufuta kitu bila idhini ya maandishi. Inapowezekana, mjumbe wa chama awepo kazi inapofanyika. Diski iliyobadilishwa irudi ofisini hata kama imekufa. Isiachwe dukani.

KUJIKINGA

Kazi ya kunakili diski ipangwe mapema, wala isifanywe katika wiki ya malipo. Hesabu za siku zifungwe na urari uchapishwe kwanza. Kompyuta iwe na betri ya akiba ya kuhimili kukatika kwa umeme, na katika miezi ya radi, kuanzia Novemba hadi Aprili, kazi hiyo isifanywe wakati mvua inatisha. Ufunguo wa BitLocker uchapishwe na kuwekwa ndani ya sefu. Inakiliwe diski nzima, si sehemu ya C peke yake, na programu iamriwe kuihakiki picha baada ya kuichukua. Kazi ikiisha, mashine izimwe, na moja ya diski itolewe kabla ya kuwasha tena. Diski ya zamani ifungwe ndani ya bahasha yenye lakiri na kuhifadhiwa walau hadi ukaguzi wa mwaka upite.

Picha za diski zisitegemewe peke yake. Picha huchukuliwa mara chache, lakini data za programu ya uhasibu zapasa kunakiliwa kila jioni kwenye diski ya nje, na nakala moja ikae nje ya jengo la ofisi. Chama chenye picha ya mwezi uliopita na nakala ya jana jioni kinapoteza kazi ya siku moja tu, nayo inarudishwa kwa vocha.

Mwisho, nakala ijaribiwe. Angalau mara moja kwa mwaka, katika kipindi cha utulivu baada ya msimu, picha irudishwe kwenye diski ya ziada, mashine ifunguliwe kwa diski hiyo peke yake, na urari uchapishwe. Bodi nyingi huridhika kusikia kwamba «nakala ipo». Swali linalopaswa kuulizwa katika kikao ni lini nakala hiyo ilifunguliwa, nani alishuhudia, na urari wake ulisomaje. Katibu anayeweza kulijibu swali hilo kwa karatasi mkononi amewatendea haki wanachama waliomkabidhi hesabu zao.